Mbegu ya BT Haimgusi Chawajani

Ukipita Mpeketoni, Hongwe au Hindi, huku kwetu Lamu, wakati pamba imeanza kufunga vitumba, utasikia maneno mawili yanayogongana. La kwanza ni la mkulima aliyepewa mbegu ya BT, yaani pamba iliyotiwa vinasaba vya kuua viwavi, akaambiwa kinga imo ndani ya mbegu yenyewe. Halafu akaona majani ya shambani mwake yakigeuka manjano pembeni, yakijikunja kuelekea chini, mwishowe yakawa mekundu kama yaliyobabuliwa na moto. Huyo anasema mbegu ni feki. La pili ni la wale ambao tangu mwanzo hawakuitaka teknolojia hii, nao husema mbegu hiyohiyo ndiyo iliyotuletea wadudu. Kisha zikaja habari za nje kuongeza kuni motoni: chawajani, mdudu mdogo anayefyonza majani, wa asili ya Asia, aliyeiangusha pamba ya Afrika Magharibi msimu wa 2022, na mwaka 2025 akaenea katika majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani baada ya kuonekana Florida mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kila upande unazituma habari hizo kwenye simu kuthibitisha lake.

Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Mbegu ya BT inafanya kazi iliyotengenezewa, lakini kazi yenyewe si hii. Hatari inayoikabili pamba ya Lamu sasa inatoka kwa wadudu wanaofyonza, na mbegu hiyo haina lolote la kuwafanya. Kinachoweza kuwazuia ni mkulima kujua kilicho chini ya jani lake kabla hajabeba bomba mgongoni, na ukanda mzima kusafisha mashamba kwa wakati mmoja msimu ukiisha. Mambo hayo mawili hayauzwi kwa pakiti. Nadhani ndiyo sababu hakuna anayeyatangaza.

Pamba si ngeni kwetu. Waliochimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, walifukua vigae vilivyotobolewa katikati kwa ajili ya kusokotea nyuzi, ushahidi kwamba watu wa visiwa hivi walisokota kabla ya meli ya Mzungu yeyote kufika. Pamba ya sasa, ile ya bara ya Lamu, imekua na skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta iliyoanza miaka ya 1970, watu walipogawiwa mashamba Mpeketoni na kutafuta zao la fedha linalostahimili jua letu. Nchi nzima ilifika kilele chake msimu wa 1984/85, takriban marobota 70,000, kisha ikaporomoka. Soko lilipoachwa huria mwaka 1991, bodi ya pamba iliyokuwa ikigawa mbegu na dawa na kununua mavuno ikapoteza nguvu, na mkulima akabaki peke yake na viwavi wake. Kwa hiyo Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha kilimo cha pamba ya BT mwezi Desemba 2019, na mbegu ikaanza kufika kwa wakulima mwaka 2020, lilikuwa jibu la kilio halisi. Mkulima wa pamba ya kawaida alikuwa akinyunyiza dawa mara kwa mara, na bado funza wa vitumba walimtangulia.

Hapa inabidi kuangalia kwa karibu mbegu yenyewe inafanya nini, maana ndipo mkanganyiko ulipoanzia. BT ni kifupi cha jina la bakteria anayeishi udongoni, Bacillus thuringiensis. Wanasayansi wamechukua vinasaba vyake na kuviingiza kwenye pamba, ili mmea utengeneze protini zinazotoboa utumbo wa kiwavi. Mbegu iliyoidhinishwa Kenya ina protini mbili, Cry1Ac na Cry2Ab, na zote zinalenga viwavi: funza wa vitumba anayekula pia mahindi na nyanya, na funza mwekundu anayejificha ndani ya kitumba na kutafuna mbegu. Kiwavi sharti aumeze mmea ndipo adhurike. Sasa chawajani hatafuni. Ana mdomo kama sindano, anaudunga mshipa wa jani na kunywa utomvu, na mate anayoyaacha humo ndiyo yanayoziba njia ya maji hadi jani likaungua kuanzia kingoni. Vidukari na nzi weupe nao hunyonya hivyohivyo. Kangambili, yule mwekundu mwenye weusi tunayemwona akipandana na mwenziwe juu ya vitumba vilivyofunguka, anadunga kitumba na kuingiza ukungu unaotia nyuzi madoa ya njano. Wote hawa wanaweza kushinda juu ya mmea wa BT kutwa nzima wasipate hata kichefuchefu.

Asubuhi moja huko Hongwe, kabla jua halijakaza, nilisimama na mama mmoja kwenye mstari wa kwanza wa shamba lake. Alinionyesha majani mekundu akaniambia, “Mwanangu, mbegu imekataa.” Nikamwomba tugeuze jani moja, si lile lililokwisha kuungua bali la juu kidogo, ambalo lilikuwa bado kijani na limeanza tu kukunjamana. Upande wa chini, kando ya mshipa mkubwa, palikuwa na vidudu vya kijani kibichi, vidogo kuliko punje ya ufuta, na tulipovigusa kwa ncha ya unyasi vilikimbia upandeupande kama kaa anayekimbilia shimo lake. Tulihesabu kumi na moja kwenye jani lile moja. Mama alinyamaza, akageuza la pili, akageuza la tatu. Alikuwa amenyunyiza mara mbili tayari, dawa aliyouziwa dukani kama “ya wadudu wote”, na katika msimu mzima hakuna mtu aliyewahi kumwambia ageuze jani.

Wanaosema BT imeleta wadudu wana hoja dhaifu na hoja yenye uzito, na ni haki kuzitenganisha. Dhaifu ni ile isemayo mdudu alikuja ndani ya mbegu. Chawajani hutaga mayai ndani ya mshipa wa jani bichi. Mbegu kavu, iliyonyolewa manyoya na kupakwa dawa, haiwezi kumbeba. Kwa sababu hiyohiyo sioni nguvu ya wale wanaotaka tumzuie bandarini Kililana kwa ukaguzi peke yake, kwani yai lililofichwa ndani ya mshipa halionekani kwa macho ya mkaguzi, na mdudu mzima anaruka na kubebwa na upepo. Ukaguzi uwepo, lakini tusijenge matumaini yetu yote juu yake. Tuliwahi kuona inzi wa matunda wa Asia akigunduliwa hapa nchini mwaka 2003 na ndani ya miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya bara, na hakuna forodha iliyomsimamisha.

Hoja yenye uzito ni hii: unapopunguza kunyunyiza dawa dhidi ya viwavi, wadudu wengine waliokuwa wakifa kwa bahati tu na dawa ileile wanapata nafasi. Hilo ni kweli na limepimwa. Kaskazini mwa China, utafiti wa zaidi ya miaka kumi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba baada ya pamba ya BT kuenea na dawa kupungua, jamii ya kunguni wa mimea ambao awali hawakuhesabiwa kuwa tishio waliongezeka, wakahamia hata kwenye matunda. Anayesema mbegu hii hubadilisha mpangilio wa wadudu shambani hasemi uongo, na maafisa wanaomcheka wanamkosea. Lakini hoja hiyo haitoshi kueleza kilichotokea Afrika Magharibi. Burkina Faso ilianza pamba ya BT kibiashara mwaka 2008 ikaiacha mwaka 2016 kwa sababu nyuzi zilikuwa fupi na soko likalalamika. Mali haikuwa ikilima BT, wala Ivory Coast. Hata hivyo mwaka 2022 ndipo Amrasca biguttula, chawajani wa Asia mwenye nukta mbili nyeusi kwenye mbawa, aliposhambulia nchi hizo zote. Mali iliyokuwa imevuna zaidi ya tani 770,000 msimu wa 2021/22 iliangukia takriban nusu yake msimu uliofuata, na Ivory Coast hali kadhalika. Mdudu alikula pamba isiyo na kinasaba hata kimoja cha kuongezwa. Kwa hiyo anayemweka mdudu huyu mlangoni mwa BT amemkamata asiyehusika, na kwa kufanya hivyo anamsahaulisha mkulima wa pamba ya kawaida kwamba naye yumo hatarini vilevile.

Kuna jambo moja kuhusu mbegu, hata hivyo, ambalo sijalisikia likizungumzwa na upande wowote, nalo ni malaika ya majani, yaani vinyweleo vyake. Ukipapasa jani la aina za pamba zilizozoeleka Afrika Mashariki utahisi manyoya laini kama malaika ya mkono wa mtoto. Hayakuja kwa bahati. Tangu miaka ya 1920 wazalishaji wa mbegu kusini na mashariki mwa Afrika waligundua kwamba pamba yenye majani ya malaika mengi inamshinda chawajani: hapati pa kudunga, hana pa kutagia, na aina zisizo na malaika zilikuwa zikiangamia. Kizazi baada ya kizazi waliyachagua manyoya hayo kwa makusudi. HART 89M, ambayo ndiyo mbegu ya kawaida ya upande huu wa mashariki mwa Bonde la Ufa, ni ya ukoo huo wa kazi ya siku nyingi. Mbegu chotara zilizoletwa kutoka India zilichaguliwa kwa mazingira ya India na zikapimwa hapa hasa kwa swali la viwavi na la mavuno. Swali ambalo ningependa kila anayegawa mbegu Lamu alijibu kabla ya masika ni: majani yake yana malaika kiasi gani, na ilipopandwa pamoja na HART 89M shamba moja bila dawa, chawajani alikaa wapi? Wala malaika si baraka tupu, kwa sababu nzi mweupe hupenda jani lenye manyoya. Mtaalamu anapaswa kupima wadudu wote wawili kwa pamoja, katika joto na unyevu wa Lamu, badala ya kutegemea majibu ya majaribio ya Mwea, mbali na pwani.

Wapo wanaosema haya yote ni kuzunguka mbuyu, mkulima apewe dawa kali zaidi basi. Naelewa wanakotoka. Mtu aliyekodi trekta, akapalilia mara tatu, akaona jani linaungua, hataki kusikia habari za kuhesabu vidudu. Na kuna wakati dawa ni lazima. Chawajani akizidi wawili kwa jani mimea ikiwa bado michanga, kuchelewa ni kupoteza. Lakini historia ya pamba barani mwetu inayo onyo kubwa, nalo liko Gezira, Sudan. Huko walinyunyizia DDT dhidi ya chawajani na viwavi mwaka baada ya mwaka, na kila msimu idadi ya minyunyizo ikapanda. Waliokufa kwanza walikuwa wale waliokuwa wakimla nzi mweupe. Kufikia miaka ya 1970 nzi mweupe alikuwa ndiye balaa kuu, akidondoshea nyuzi kinyesi chake kitamu kama asali hadi pamba ya Sudan ikajulikana viwandani kwa kunata kwenye mashine, na bei ikaadhibiwa. Na alipofika Afrika Magharibi chawajani wa Asia, dawa walizozizoea wakulima wa huko hazikumtikisa sana, serikali zikakimbizana kuagiza nyingine msimu ukiwa umefika katikati.

Sisi watu wa minazi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mwenye shamba la minazi anajua mnazi wenye majimoto, wale siafu wekundu wa kushona majani, haupukutishi nazi changa kama ule usio nao, maana majimoto humfukuza kunguni anayezidunga. Hakuna mzee anayewaua majimoto wote wa mnazini kwa sababu wamemuuma mkwezi. Pamba nayo ina walinzi wake: mbawakawa wadogo wekundu wenye nukta nyeusi wanaokula vidukari, buibui, na nyigu wadogo wasioonekana vizuri kwa macho. Dawa ya “wadudu wote” inayopigwa wiki ya nne, wakati vidukari wanaonekana tu kwa mbali, inawaua hao na kumwachia chawajani uwanja. Kwamba njia ya walinzi inafanya kazi hata kwa mgeni si ndoto. Kidudu cheupe kama unga kilichoivamia mipapai ya pwani kuanzia mwaka 2016 kilikuja kutafutiwa adui wake, nyigu mdogo aitwaye Acerophagus papayae, aliyeachiliwa mashambani nchini mwaka 2021. Kazi ya namna hiyo kwa wadudu wa pamba inahitaji kuanza kabla ya balaa, na taasisi ya utafiti wa kilimo ina kituo Mtwapa, safari ya mchana mmoja tu kutoka hapa.

Nimewatilia mkazo wafyonzaji, lakini sitaki msomaji adhani viwavi wamekwisha. Mbegu ya BT ina uhai wake, na uhai huo unafupishwa na tabia zetu. India ilianza BT mwaka 2002, ikaongeza protini ya pili mwaka 2006. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba funza mwekundu wa Gujarat ameizoea protini ya kwanza, baadaye akaizoea na ya pili, na msimu wa 2017 wakulima wa Maharashtra walipata hasara kubwa kwenye pamba iliyokuwa na protini zilezile mbili tunazogawiwa sisi leo. Hapa Lamu kilimo chetu cha mchanganyiko kinatusaidia kwa upande mmoja. Funza wa vitumba anaishi pia kwenye mahindi na mbaazi, hivyo daima wapo wengi ambao hawajaonja BT, na wakijamiiana na wachache sugu huupunguza usugu. Funza mwekundu hana bahati hiyo, au tuseme sisi hatuna. Chakula chake ni pamba, na bamia kwa kiasi. Pamba yote ikiwa ya BT, kila funza mwekundu aliyebaki ni yule aliyeizoea, na hujificha ndani ya mbegu za vitumba vilivyosahauliwa kwenye mti akisubiri mvua.

Ndiyo maana nasema jambo zito kuliko yote ni masazo. Mavuno yakiisha, mashina mengi huachwa yamesimama. Wengine huyaacha yachipue upya, maotea, ili mvua za vuli ziwape kilo chache za bure. Kilo hizo si za bure. Maotea ndiyo daraja la wadudu wote kutoka msimu mmoja kwenda mwingine: funza ndani ya vitumba vikavu, chawajani na nzi weupe kwenye majani mabichi pale ambapo kila kitu kingine kimekauka, na kangambili ambaye akitoka hapo anahamia mbuyu na msufi. Mkulima mmoja akisafisha na jirani yake asisafishe, amejisumbua bure. Marekani ilitangaza Oktoba 2018 kwamba imemtokomeza funza mwekundu kwenye maeneo yake ya pamba. BT ilikuwamo, pamoja na mitego ya harufu na kuachilia wadudu waliohasiwa, lakini chini ya yote hayo palikuwa na ukanda mzima kusafisha mashina kwa pamoja. Na Lamu ina kitu ambacho wengi hawana, kwani pamba yetu imekaa mahali pamoja, kati ya bahari, msitu wa Boni na Mto Tana. Ni ukanda unaoweza kusafishwa.

Ugumu wake pia ni wa Lamu peke yake. Baada ya watu wenye silaha kushambulia vijiji Juni 2023, watu wa Juhudi na Salama walihama makwao, na kabla ya hapo, Januari 2022, ilikuwa Widhu na vijiji jirani. Mtu akikimbia kuokoa roho yake hang’oi mashina ya pamba. Mashamba yale hubaki na kile kilichokuwamo, na wadudu hawaogopi risasi. Mpango wowote wa kusafisha masazo usiotenga fedha na ulinzi kwa ajili ya mashamba yaliyoachwa utawaonea waliobaki na kuwalaumu waliohama. Hilo ni jukumu la kaunti na la serikali kuu pamoja, na si la mkulima aliyerudi akakuta nyumba imechomwa.

Wapo pia wanaonishauri niseme wazi kwamba pamba imepitwa, watu wahamie ufuta na pojo. Wengine wamekwisha kuhamia na siwalaumu, bei ya ufuta imewafaa. Lakini si kila udongo wa wadi ya Bahari au ya Witu unaotoa ufuta vizuri, na mkulima mwenye mazao mawili ya fedha hulala vizuri kuliko mwenye moja. Anayetaka kuacha pamba aache kwa hesabu zake mwenyewe, asiiache kwa sababu alidanganywa kuhusu mbegu.

Kinachohitajika kabla ya masika ijayo kinajulikana. Afisa anayegawa pakiti ya BT aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, ni wadudu gani inaowaua na gani haiwagusi, na maneno hayo yaandikwe kwa Kiswahili juu ya pakiti. Kila kijiji kinacholima kiwe na watu wawili watatu, vijana wa hapohapo, wanaolipwa kupita mashambani kila wiki kugeuza majani na kuhesabu, kwa ubao wa vishimo na vijiti kama uliotumika nchi kadhaa za Afrika, ili dawa inunuliwe kwa idadi na si kwa hofu. Mitego ya harufu iwekwe kupima kama funza mwekundu ameanza kutokea ndani ya vitumba vya BT, na yakionekana hayo yatangazwe mwezi huohuo. Na kaunti itaje tarehe ambayo baada yake shina la pamba halitakiwi kuonekana limesimama popote kati ya Witu na Hindi. Mama wa Hongwe aling’oa yake wiki ya kwanza ya Januari akayachoma. Ng’ambo ya ua wake, hatua ishirini hivi, ekari mbili za jirani zilikuwa zimesimama bado, zimechipua, kijani kibichi kabisa.